Kitanda Kinacholia Mchana

Hakuwa na gari. Hakuwa na msaidizi, maana aliyekuwa naye alihamishwa mwezi uliopita na wa kuziba pengo hajaletwa. Hakuwa na bikari ya kupimia, wala tochi yenye betri nzima. Hakuwa na jicho la kushoto la kutegemea. Lilikuwa limeota mtoto wa jicho, likamwonyesha dunia kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Hakuwa na mbio, ndiyo maana kituoni walimwita Kobe, naye alikwisha kulizoea jina hilo hata akaitika. Na kuliko yote hayo, siku ile Kobe hakuwa na muda.

"Saa tisa kamili," Mkuu wake alimwambia asubuhi, huku akigonga saa yake ya mkononi kwa ukucha. "Saa tisa mwendesha mashtaka anapeleka hati mahakamani. Ukiwa na neno, liwe kwenye karatasi, lenye saini yako na saini ya shahidi. Simu hapokei, na hadithi hasikilizi."

"Na nisipokuwa na neno?"

"Basi yule muuguzi anasomewa shtaka la kuua. Kobe, mambo yenyewe si yako wazi? Bibi kizee amekutwa chini, shingo imevunjika. Ndani walikuwa wawili tu. Daktari ameona michubuko miguuni, kwenye miundi yote miwili, mingine mibichi, mingine ya wiki nyingi. Mwanamke yule alikuwa akimtesa."

Kobe alikwenda mahabusu kwanza. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amevaa bado lile gauni la kazi alilokamatwa nalo. Alizungumza bila kulia, kama mtu aliyekwisha kumaliza machozi yake.

"Afande, mimi nimekaa na Bibi miezi mitatu na nusu. Haoni, tangu walipompasua macho ikashindikana. Lakini chumba chake alikijua kwa mikono. Akishuka kitandani anahesabu: moja, stuli, mbili, sakafu. Kila mara anaikosa stuli, anajigonga miundi. Namwambia, 'Bibi, nisubiri nikushike.' Hataki. Anasema, 'Nimeshuka kitanda hiki miaka sitini, leo nishikwe?' Alfajiri ile nilikuwa jikoni nachemsha maji. Nikasikia 'moja.' 'Mbili' sikuisikia."

"Alikuwa akilalamika nini siku za mwisho?"

Muuguzi alisita. "Utanicheka."

"Sijacheka tangu mwaka juzi."

"Alisema kile si kitanda chake."

Ndiyo maana, ilipotimu saa tano na nusu, Kobe alikuwa amesimama mbele ya jumba kuu la familia ya Bibi, akihema, jalada la faili kwapani. Lilikuwa jumba la ghorofa mbili, kuta zake nene kama za ngome, rangi imebanduka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Madirisha ya juu yalikuwa yamefungwa yote. Mtumishi wa nyumba, mwanamume mnene aliyekuwa akifagia uani, alionyesha mlango kwa fagio lakini mwenyewe hakusogea.

"Juu mimi sipandi," alisema. "Kufagia nafagia huku huku chini. Kilicho juu hakifagiliwi."

Aliyempokea ni binti mkubwa wa marehemu. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wote, hata ndugu zake, walimwita Mwalimu. Alishika ufunguo mkubwa wa chuma kama mtu anayeshika chaki.

"Nilidhani mmemaliza," alisema. "Aliyemuua mama yangu mnaye."

"Nakuja kumaliza, Mwalimu. Nifungulie chumba tu."

Walipanda ngazi. Kila kidato kilikuwa na sauti yake. Mwalimu alipozungusha ufunguo, hewa iliyotoka ndani ilikuwa na harufu ya kafuri, na chini yake harufu nyingine, changa, ambayo Kobe aliivuta puani mara mbili.

Chumba kilikuwa kikubwa na chenye kiza. Vitu vilifunikwa mashuka meupe, hata vikaonekana kama wazee waliokuja matangani wakasahau kuondoka. Mwalimu alifungua dirisha moja, akaanza kuvua mashuka. Likatoka kabati la nguo lenye milango ya nakshi. Ikatoka meza ya kujipambia, miguu yake imekerezwa kama vifundo vya kamba, na juu yake kioo cha zebaki kilichopiga madoa meusi. Kobe alipojitazama mle aliona mtu mwenye nusu uso. Juu ya meza palikuwa na kitana, nywele nyeupe tatu bado zimenasa menoni. Saa ya ukutani ilisimama saa kumi na dakika ishirini. Na katikati ya chumba, kama jahazi lililokwama, palikuwa na kitanda.

Kilikuwa cha matendegu manne, miguu mirefu iliyokerezwa, na mchago wake, ule ubao wa kichwani, umechongwa maua na ndege. Kila tendegu lilikalia kikombe kizito cha jiwe, vile vikombe ambavyo zamani vilitiwa maji ili sisimizi wasipande. Pembeni ilikuwa stuli ya kupandia. Kwenye ubao wake palikuwa na mabonde mawili laini yaliyochimbwa na nyayo.

"Ni miguu yake hiyo," Mwalimu alisema bila kuulizwa. "Na ya bibi yake mama kabla yake."

"Dawa alizokuwa akipewa ziko wapi?"

Mwalimu alifungua mtoto wa meza kwa haraka, kwani hilo ndilo alilokuwa akilingojea. "Hizi. Nimesema tangu mwanzo, alikuwa akimlewesha. Mama alianza kuweweseka baada ya yule mwanamke kuja. Akawa anapapasa kitanda anasema, 'Nani huyu? Mmemleta nani humu?' Jumapili kwa Jumapili nikija ni wimbo huo huo. 'Mwanangu, hiki si kitanda changu.' Mtu haoni, atajuaje?"

Kobe alisoma vibandiko kwa jicho lake zima. Matone ya macho. Dawa ya presha. Vidonge vya kikohozi, pakiti haijafunguliwa.

"Nimepita kwa mfamasia nikija," alisema. "Hakuna cha kulewesha hapa, Mwalimu. Kama Bibi aliweweseka, hakuweweseshwa na chupa."

"Basi ni kilicho humu ndani."

"Kipi?"

Mwalimu alitazama saa yake. "Kaa kidogo. Jua likipiga paa utakisikia mwenyewe. Mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini, sikuwa mtu wa mambo hayo. Sasa sijui."

Kobe aliketi kwenye kiti cha kando ya kabati. Mwalimu alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nje mtumishi alifagia. Paa la mabati lilianza kutatarika kwa joto, na chumba kikapata fukuto. Kisha kitanda kikalia.

Kwanza ulikuwa mguno mdogo, kama wa mtu anayegeuka usingizini. Ukafuata mlio mrefu, mwembamba, uliopanda kutoka miguuni hadi mchagoni, ukaishia kwa pigo moja kavu. Ta! Godoro lilikuwa limetandikwa shuka lisilo na kunyanzi. Hakuna aliyelilalia.

Mwalimu alishika mwimo wa mlango. "Umesikia?"

"Nimesikia. Ulianza lini mlio huo?"

"Miezi minne hivi. Mtumishi anasema ni babu, ndiye aliyelijenga jumba hili na amefia hapo. Mdogo wangu anasema vivyo hivyo, tena yeye ndiye aliyekuwa mcheshi wa kucheka majini. Leo saa nane anakuja na wapagazi. Wanakitoa uani, wanakichoma moto. Amesema mama hatapumzika hadi kichomwe."

Kobe alisimama polepole.

"Kuchoma kitanda ni wazo lake?"

"Lake. Lakini wote tumekubali."

"Na kabati? Meza? Kioo? Babu hakuvigusa hivyo?"

Mwalimu aligeukia kabati. "Hivyo alisema vibaki. Kwa kumbukumbu."

Kobe alikwenda kitandani, akapiga goti, akaweka pua yake kwenye ufa wa tendegu. Akavuta pumzi. Kisha akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Miezi minne iliyopita kulitokea nini katika chumba hiki?"

"Hakuna. Mama alikuwa hospitali wiki mbili, kwa ajili ya macho. Mdogo wangu akatumia nafasi hiyo kukipeleka kitanda kwa fundi kikapigwe msasa na vanishi. Alitaka mama akirudi akikute kinang'aa."

"Zawadi ya kung'aa kwa mtu asiyeona," Kobe alisema. "Mwalimu, umewahi kumwona fundi wa kukereza akifanya kazi?"

"Sijawahi."

"Baba yangu alikuwa fundi huyo. Nimekua ndani ya vumbi la randa. Gogo likizungushwa kwenye mashine, linatoka duara kamili, kama sahani. Lakini mti haufi siku unapokatwa. Unaendelea kukauka miaka na miaka, na haukauki sawa pande zote. Upande mmoja unanywea zaidi. Tendegu la miaka mia si duara tena, limekuwa kama yai. Kwa jicho huoni. Mkono unaweza kujua."

Alitoa kisu. Akakata jalada la faili, lile gamba gumu, akachonga pengo ukingoni la kuingia barabara kwenye mguu wa meza ya kujipambia. Likaingia. Akalizungusha robo. Likakwama. Akajaribu mguu wa pili, likakwama pale pale.

"Hii kweli ni ya zamani," alisema.

Akakata pengo jingine, la kukadiria tendegu la kitanda. Likaingia. Akalizungusha robo, nusu, mzunguko mzima. Lilipita kama pete kwenye kidole kilichopakwa sabuni.

Mwalimu aliuacha mlango sasa, akasogea. "Rudia," alisema, kwa sauti ya darasani.

Kobe alirudia kwenye matendegu yote manne. Kisha akamwomba pini, akaiingiza kwenye mojawapo ya vitundu vya bungua, yule mdudu wa mbao, vilivyotapakaa mchagoni. Pini ilizama moja kwa moja hadi kichwani.

"Bungua hatembei kwa rula, Mwalimu. Anakata kona kama mlevi. Vitundu hivi vimetobolewa kwa keekee ya fundi. Na huu mlio unaowatoa jasho ni mti mbichi, ndio ninaounusa tangu mlangoni. Haukupewa muda wa kukauka, umepakwa vanishi juu juu, jua likipiga paa unajinyonganyonga. Kitanda hiki hakina hata mwaka. Mzimu wenu ni mchanga kuliko viatu vyangu."

Mwalimu aliketi kwenye stuli, miguu yake ndani ya yale mabonde mawili.

"Bado hilo halimtoi mtu mahabusu," Kobe aliendelea. "Kubadili kitanda si kuua. Una futi ya kupimia?"

Katika mtoto wa meza, pamoja na nyuzi na kastabini ya marehemu, ile kofia ndogo ya bati ya kukinga kidole na sindano, palikuwa na utepe wa fundi cherehani. Kobe alipima kutoka sakafuni hadi juu ya mfumbati wa kitanda, ule ubao wa ubavuni ambao mtu huukalia akitaka kushuka. Inchi thelathini na tatu. Kisha akalala chali, akajisukuma uvunguni kama fundi wa magari.

"Andika," sauti yake ilitoka chini. "Tendegu la kulia, upande wa ndani, maandishi ya kalamu ya risasi, mkono wa fundi. 'Kutoka sakafu, thelathini.' Umeandika? Sasa pima unene wa kitako cha kikombe cha jiwe."

Mwalimu alipima. "Inchi tatu. Vidole vinne."

"Ndiyo." Kobe alitoka na utando wa buibui kichwani. "Fundi alikuja kuchukua vipimo humu humu, kitanda cha kweli kikiwa kimesimama kwenye vikombe vyake. Akapima kutoka sakafuni, akapata thelathini. Akaenda akachonga miguu inayofika thelathini. Kikaletwa, wakakipandisha juu ya vikombe vile vile. Kikombe amekihesabu mara mbili. Fundi aliyezoea vitanda vya siku hizi hawezi kukumbuka kikombe." Akavuta mchago, akamwonyesha ukuta. Palikuwa na mstari wa giza ambapo mbao za zamani ziliusugua ukuta kwa vizazi vitatu. Mchago mpya ulipita juu yake kwa vidole vinne kamili.

"Stuli haikubadilika," Mwalimu alisema taratibu. "Moja, stuli."

"Moja, stuli. Mguu wake ulikijua kimo hicho kwa miaka sitini. Kwa miezi mitatu na nusu ulikuwa ukiikosa, akijigonga miundi. Hiyo ndiyo michubuko ya daktari. Alfajiri ile aliikosa kabisa."

Chini lango liligonga. Sauti za wanaume, kicheko, kisha hatua nyepesi ngazini. Aliyeingia alikuwa kijana wa miaka hamsini, kwa maana kitindamimba hazeeki mbele ya dada zake. Alivaa tai ya hariri katika joto lile, na kwa tai hizo mtaa ulimwita Bwana Tai. Nyuma yake walisimama wapagazi wawili wenye mashoka.

"Dada, shikamoo. Lo, na polisi! Afande, umekuja kumkamata babu?" Akacheka peke yake. "Vijana, anzeni na chandarua."

"Wasiguse," alisema Kobe. "Fundi aliyekipiga msasa kitanda hiki ni nani?"

"Mzee mmoja hivi. Marehemu sasa."

"Pole. Na alipokufa alikiacha wapi kile kingine?"

Wapagazi walitazamana. Bwana Tai alilegeza tai yake kidogo. "Kingine kipi?"

Kobe aliokota lile gamba la faili, akaliingiza kwenye tendegu, akalizungusha mara moja. Mwalimu ndiye aliyezungumza.

"Mdogo wangu, kitanda cha mama kiko wapi?"

"Dada, na wewe..."

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

Mtumishi alisikika akifagia uani. Bwana Tai alitazama kioo, akauona uso wake na madoa yale, akageuka.

"Kilikuwa kinaoza hapa!" alisema. "Kilikuwa kitanda tu. Sasa kiko kwa watu wanaojua thamani yake, wamekiweka sebuleni, hawakilalii hata. Nikamtengenezea mama kingine, kile kile, ua kwa ua. Kosa langu nini? Mimi siku ile sikuwepo. Sikumgusa mama yangu!"

"Hukumgusa," Kobe alisema. "Ulimpandisha vidole vinne."

Wapagazi waliweka mashoka chini, wakashuka ngazi bila kuaga. Bwana Tai aliteremka polepole kando ya kabati hadi akakaa sakafuni, suruali yake nzuri ndani ya vumbi.

Saa ilikuwa nane na dakika kumi. Kobe aliketi mbele ya meza ya kujipambia, akasogeza kitana pembeni, akaandika. Aliandika kama alivyotembea, bila haraka na bila kurudi nyuma. Alieleza pengo la gamba, pini, maandishi ya fundi, kipimo cha kikombe, mstari wa ukutani. Alieleza miundi ya marehemu. Alitaja maneno yaliyosemwa na Bwana Tai mbele ya watu wanne, likiwamo lile la sebuleni. Mwisho akaomba hati ya mashtaka dhidi ya muuguzi isimamishwe, na mpigapicha wa kituo aletwe kabla kitu chochote hakijaondolewa. Akatia saini.

"Anatakiwa shahidi," alisema.

Mwalimu alisoma yote, kalamu mkononi. Kwenye mstari mmoja alisahihisha tahajia. Kisha akatia saini yake, ndefu, yenye mkia.

Kobe alikunja karatasi, akaiingiza kwenye bahasha. Gundi yake ilikuwa imekauka kwa uzee. Mwalimu alichakura mtoto wa meza, akapata kipande cha lakiri nyekundu na kiberiti. Akaiyeyusha yeye mwenyewe juu ya mkunjo, na kabla haijaganda akaigandamiza kwa kastabini ya mama yake. Vidoti vidogo vikabaki kwenye lakiri, safu kwa safu.

"Sasa ugumu uko hapa," Kobe alisema. "Nikiondoka, kitanda hiki kitakuwa majivu kabla sijafika hata kona. Lazima nikilinde. Na kutoka hapa hadi ofisi ya mwendesha mashtaka kwa miguu yangu ni saa nzima."

"Gari ninalo."

"Dada," Bwana Tai alisema kutoka sakafuni. "Ukiipeleka hiyo, umenizika. Mama mmoja, baba mmoja. Yule mwanamke ni nani kwetu?"

Mwalimu alisimama mlangoni, bahasha ikiwa kifuani. Safari hii alikuwa ndani mzima.

"Kumi na nne," alisema. "Jumapili kumi na nne mama aliniambia, na Jumapili kumi na nne nikamjibu, 'Mama, lala.' Tumefunzwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi hatukusikia, akavunjika mkuu mwenyewe. Na guu letu tukataka kumwazima mtu baki."

Akashuka. Kobe alifungua dirisha la pili. Kutoka pale aliliona gari dogo la buluu likirudi nyuma, likapita mbele ya mtumishi na fagio lake, likasimama langoni. Kulia kulikuwa na njia ya nyumbani kwa Mwalimu. Kushoto ilikuwa njia ya mahakamani na kwa mwendesha mashtaka. Gari lilikaa pale, likitikisika.

Nyuma ya Kobe kitanda kililia, mlio mrefu, ukaishia kwa pigo. Yeye hakugeuka. Alimsikia Bwana Tai akijikokota sakafuni kusogea mbali nacho.

Kisha gari likakata kushoto.